Mjukuu wangu amekuwa dada mkuu. Je, sifa zangu zitamharibu?

SWALI

“Mimi ni mzee wa miaka 68, mstaafu wa reli, naishi Tabora. Nina kibanda cha kutengeneza baiskeli chini ya mwembe mbele ya nyumba. Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu mkubwa, nakaa naye tangu akiwa na miaka minne kwa sababu mama yake anafanya kazi Dodoma. Sasa ana miaka 12, yuko Darasa la Sita. Ni mtoto wa aina yake. Anatumia mkono wa kushoto. Walimu na bibi zake walitaka kumbadilisha, nikakataa. Wenzake wakicheza rede, yeye yuko na mimi anaziba pancha. Mwaka huu amechaguliwa dada mkuu. Hata mwezi haujaisha, alimfuata mwalimu mkuu ofisini akamuuliza kwa nini wasichana peke yao ndio wanaochota maji na kudeki madarasa huku wavulana wakicheza mpira. Mwalimu akamwelewa, siku hizi wanapeana zamu. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na habari hiyo nimeisimulia kwenye bao karibu kila jioni.

Mama yake alipokuja likizo hakufurahi. Alisema, ‘Baba, unamvimbisha mtoto kichwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.’ Kilichomuudhi ni kwamba binti alimjibu mama yake mdogo mbele ya wageni. Aliambiwa awapakulie wavulana chakula kwanza, akasema, ‘Kwani wao hawana mikono?’ Tena nyumbani ameanza kuandika majina ya wapiga kelele kama anavyofanya shuleni. Anayeandikwa mara nyingi ni mjukuu wangu mwingine, mvulana wa miaka 10, mtoto wa mwanangu aliyeko Geita. Huyo naye siku hizi haji kibandani, anashinda kwa jirani. Dada yangu anasema msichana akizoea kuamrisha atapata tabu ukubwani, na kwamba namtangaza mno wakati watu wana kijicho. Nilikuwa nimepanga kumnunulia baiskeli kwa ajili ya cheo chake. Je, ninyamaze? Namharibu kweli?”

JIBU

Shikamoo babu. Nianze na lile linalokukosesha usingizi: hapana, humharibu mjukuu wako kwa kumwonea fahari. Mtoto aliyetenganishwa na mama yake akiwa na miaka minne, kisha akakua akijua kwamba kuna mtu mzima anayefurahi kila akimwona anaingia uani, ana mtaji ambao watoto wengi hawana. Lakini binti yako naye hakuropoka. Kuna kitu amekiona, ila amekilaumu kwa jina lisilo lake. Na kuna mtoto mwingine katika barua yako ambaye umempa mistari miwili tu. Huyo ndiye aliyenifanya nijibu kwa urefu huu, na nitamfikia.

Methali aliyoitumia binti yako ina mengi ndani yake. Mgema hakuharibika kwa sababu alipendwa. Aliambiwa tembo lake ni tamu, basi, na tangu hapo hangaiko lake likawa kulinda jina. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa umri unaokaribiana na wa mjukuu wako. Waliwapa mafumbo ya michoro yasiyo magumu sana, kisha wakamwambia kila mtoto kwamba amefanya vizuri. Baadhi wakaongezewa, “Lazima una akili sana.” Wengine wakaongezewa, “Lazima ulijitahidi sana.” Halafu wote wakapewa mafumbo magumu na kuambiwa kwamba safari hii wamefanya vibaya. Waliosifiwa akili walikata tamaa mapema zaidi, na waliporudishiwa mafumbo ya kiwango cha mwanzo walifanya vibaya kuliko walivyofanya mara ya kwanza. Waliosifiwa juhudi walipanda. Mwishoni watoto waliombwa kuwaandikia wenzao wa shule nyingine, na karatasi ilikuwa na nafasi ya kutaja alama walizopata. Kati ya walioambiwa wana akili, karibu wanne katika kila kumi walijiongezea alama. Walitia maji! Kati ya wale wa juhudi hawakufika wawili katika kumi.

Watafiti waliokuja baadaye hawakupata tofauti kubwa kiasi hicho kila mara, kwa hiyo sitakuambia kwamba neno moja likikuponyoka mtoto ameharibika. Ila mwelekeo wake ninauona kwa familia ninazozungumza nazo. Mtoto anayesifiwa alivyo huanza kuogopa siku atakayoonekana si hivyo. Anayesifiwa alichofanya ana kitu cha kurudia kesho.

Sasa tazama furaha yako mwenyewe. Ina mambo mawili umeyachanganya. La kwanza ni kwamba mjukuu wako ni dada mkuu. La pili ni kwamba aliona jambo lisilo la haki, akalifikiria, akamfuata mkubwa ofisini kwake badala ya kumuumbua mbele ya shule nzima, akauliza kwa namna ambayo mwalimu aliweza kukubali bila kudhalilika. Hilo la pili ndilo lililokutoa machozi, si tepe ya begani. Basi lisifie hilo, na ulisifie kwa kuuliza. “Siku ile ulijuaje kwamba ofisini ni bora kuliko paredi?” “Uliogopa?” “Mwalimu angekataa ungefanyaje?” Maswali kama haya yanamfanya akumbuke njia aliyopita, na njia hiyo ni yake hata akivuliwa cheo kesho asubuhi. “Wewe ni kiongozi wa kuzaliwa” linapendeza masikioni, lakini halimfundishi kitu. Wala si kweli kwamba viongozi huzaliwa hivyo. Huyu wako amejifunza kuuliza kwa kukaa na wewe kibandani miaka minane, akikuuliza kwa nini hiki kinafungwa kabla ya kile na wewe ukimjibu.

Kuna aina moja ya sifa ambayo ningekuomba uiache kabisa, nayo ni ile ya kumpima kwa wengine: “Hakuna kama huyu”, “Katika wajukuu wangu wote huyu ndiye”. Watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Eddie Brummelman waliwafuatilia watoto 565 wa miaka 7 hadi 11 pamoja na wazazi wao, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Watoto ambao wazazi wao waliwaona kuwa bora kuliko watoto wengine na wenye kustahili zaidi yao ndio walioelekea kujiona. Watoto ambao wazazi wao waliwaonyesha upendo wa kawaida, wa kuwasikiliza na kuwafurahia, walijithamini vizuri bila kudharau wenzao. Kwa hiyo upendo na kumkweza mtoto ni vitu viwili, na kimoja hakigeuki kuwa kingine kwa kuzidishwa. Mpende upendavyo. Kumpandisha juu ya vichwa vya wenzake ndiko kunakompa kiburi.

Suala la bao sasa. Najua bao ni bao, na mzee asiye na la kusimulia kuhusu wajukuu wake ni nani? Simulia. Ila zingatia umri alioufikia. Mwaka 1967 mwanasaikolojia David Elkind alieleza jinsi mtoto anayeingia ujanani anavyoanza kuhisi kwamba watu wote wanamtazama yeye, kana kwamba yuko jukwaani saa zote. Mtoto wa miaka saba ukimsifu mbele ya watu anatanua kifua. Wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu anaweza kuisikia sifa ileile kama mzigo, kwa sababu sasa lazima awe vile wazee wa baoni wanavyomjua. Wengine hukimbia mzigo huo kwa kujiharibu makusudi, wengine hukaza shingo na kuanza kuigiza ukubwa. Muulize tu: “Ile habari ya zamu za maji, naweza kuwasimulia wazee?” Akisema hapana, meza mate. Kumwomba ruhusa kunamwambia kwamba habari za maisha yake ni mali yake.

Kuhusu kijicho, sitabishana na dada yako. Kila familia ina namna yake ya kujikinga, ya dua au ya kunyamaza. Nitasema tu kwamba mtoto anayetangazwa sana huchokwa na wenzake kwanza kabla ya majirani, na wenzake ndio anaotakiwa kuwaongoza kesho asubuhi.

Nije kwenye “Kwani wao hawana mikono?” Babu, mimi nilicheka. Najua mama yake mdogo hakucheka, na alikuwa na haki.

Ninavyoona, mjukuu wako amekulia kwenye utani wa babu na mjukuu. Pengine unamwita mchumba, naye anakuita mzee usiye na meno, anakubishia bei ya tyubu, na wewe unamwachia. Huko si kukosa malezi. Utani huo ni mahali pa kwanza ambapo mtoto wa kwetu anaweza kumbishia mtu mzima bila kupigwa, na naamini sehemu ya ujasiri wa kwenda ofisini kwa mwalimu mkuu ilizaliwa hapo. Lakini mama mdogo si mtani wake, na wageni waliokuwa wamekaa mkekani hawakujua kwamba nyumbani kwenu maneno hayo ni mchezo. Binti amechukua sauti ya kibandani akaipeleka sebuleni. Hoja yake, kwamba wavulana wanaweza kujipakulia, ni ileile ya maji na kudeki, na ni hoja nzuri. Kilichopotea ni ule ustadi aliouonyesha shuleni, wa kuchagua mahali na wakati.

Na hili umeshalitatua mara moja bila kujua. Ulikataa asibadilishwe mkono, ukafanya vyema. Karibu mtu mmoja kati ya kumi duniani anatumia kushoto, hakuna ugonjwa hapo, na kumlazimisha mtoto aandike kwa kulia kunamchelewesha na kumtesa bure. Lakini naamini anapomkabidhi mgeni chenji au kikombe cha maji, anatoa kwa mkono wa kulia. Nani alimfundisha? Bila shaka ni ninyi. Hajapoteza mkono wake, na mgeni hajahisi kudharauliwa. Mfundishe ulimi kwa njia hiyohiyo. Mwambie faraghani kwamba hoja yake ni sahihi, kisha mwombe akutafutie namna ambayo angeisema kwa mama yake mdogo jikoni, wageni wakishaondoka. Amwombe radhi kwa lile la hadharani. Halafu, na hapa usinikwepe babu, uwaambie wavulana wajipakulie. Mkimtaka binti aombe radhi kisha sahani ziendelee kuwasubiri wavulana mkekani, atajifunza kwamba adabu ni jina lingine la kunyamazishwa.

Wanaodhani mtoto lazima achague kati ya kuwa na kauli na kuwa na heshima wanakosea hata kisheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unampa haki hiyo pia, kisha katika ibara ya 31 unamtwika wajibu wa kuwaheshimu wazazi na wakubwa wake.

Karatasi ya wapiga kelele inanisumbua zaidi kuliko jibu la sebuleni. Sote tumepita kwenye madarasa hayo: mwalimu ametoka, monita amesimama mbele na karatasi iliyochanwa katikati ya daftari, anaandika majina, anayerudia anawekewa alama ya kosa pembeni, ya pili, ya tatu. Mwalimu akirudi, karatasi inasomwa na viboko vinafuata. Mtoto amekuwa monita tangu zamani, akawa kiranja, na kitu ambacho shule nyingi humfundisha kuhusu uongozi ni hicho kimoja, kuwaangalia wenzake na kuwachongea. Kwa hiyo usidhani amebadilika tabia. Amepewa kifaa kimoja tu, naye anakitumia kila mahali, hata mezani kwenu.

Usiichane karatasi mbele ya wenzake. Kaeni nayo wawili. Mwombe akusomee jina moja, halafu umuulize, “Huyu alikuwa anapiga kelele kwa sababu gani?” Mara nyingi mwandishi wa majina hajui, kwa kuwa kazi yake haikuwa kujua. Kisha umweleze kwamba shuleni amepewa kazi na walimu, nyumbani hajapewa, hapa ni mjukuu kama wengine na zamu ya vyombo inamhusu. Ukitaka apate pa kutumia kipaji chake, mpe jambo la kuratibu ambalo hawezi kulifanikisha bila ridhaa ya wenzake, kwa mfano kupanga zamu za kuchota maji nyumbani kwa kuwauliza wote kwanza nani anaweza lini. Ataona ugumu wake ndani ya siku chache. Na umuulize pia kama shuleni viranja wanaruhusiwa kuwachapa wenzao. Ikiwa wanaruhusiwa, nenda ukaongee na mwalimu wa malezi. Mtoto hapaswi kushikishwa fimbo dhidi ya mtoto mwenzake, na atakayeumia si anayechapwa peke yake.

Sasa yule mvulana.

Ana miaka kumi. Wazazi wake wako Geita. Anaishi kwenye nyumba ambayo kila jioni babu anasimulia habari za mtu mwingine, na mtu huyohuyo akirudi anaandika jina lake kwenye karatasi. Zamani alikuwa anakuja kibandani, sasa haji. Erik Erikson, aliyeandika sana kuhusu hatua za ukuaji, alisema watoto wa umri wa shule wako kwenye kipindi cha kutafuta kitu wanachokiweza, na wasipokipata hujiona duni. Dada yake amekipata, tena cha aina mbili, shule na spana. Mvulana huyu anaweza kuwa amehitimisha kwamba nafasi ya kuwa mtoto wa kujivunia hapo nyumbani imeshachukuliwa, akaenda kutafuta nafasi kwa jirani. Hajakwambia, na hatakwambia. Watoto wa namna hii huonekana watulivu, na utulivu wao huwapumzisha wazee.

Usimfuate na hotuba, wala usianze ghafla kumsifu kwa vitu vya kubuni, maana watoto wa miaka kumi wananusa sifa ya huruma kutoka mbali. Anza kwa kumhitaji. Kuna kazi ya watu wawili unayoweza kumpa wakati dada yake yuko shuleni kwenye majukumu ya uongozi? Kwenda sokoni na wewe kununua vipuri, kushika ringi wakati unafunga tairi? Huko njiani usimtaje dada yake kabisa, hata kwa mfano. Mwulize habari za kwa jirani kwa moyo mweupe: wanacheza nini, nani ni rafiki yake, anapenda nini pale. Inawezekana kule kuna kitu kizuri, labda mzee mwenye redio au watoto wa rika lake, na si lazima umrudishe kibandani. Huenda baiskeli hazimvutii hata kidogo. Fahari uliyompa dada yake kwa kuwa wa aina yake, naye ana haki ya kuipata kwa aina yake, hata kama aina hiyo ni kupenda kuku.

Haya, la dada yako, kwamba msichana akizoea kuamrisha atapata tabu. Akizoea kuamrisha, ndiyo, kama ambavyo mvulana angepata. Akizoea kuongoza, sioni tabu hiyo. Wewe na dada yako mmekulia katika nchi ambayo Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma wa Dar es Salaam, alipewa mwaka 1955 kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, naye akawafuata kupitia vikundi vya ngoma alikokuwa anafahamika na kupendwa. Hakuanza na cheo. Alianza na watu waliokuwa wanamwamini. Msimulie mjukuu wako habari hiyo, na umwambie dada yako akusaidie kuisimulia, maana huenda anakumbuka mengi kuliko wewe.

Mama yake mtoto anahitaji sehemu yake hapa. Mwanamke anayefanya kazi Dodoma huku mwanawe akikua Tabora anapokuja likizo hukuta mtoto mrefu zaidi, mwenye maneno mapya, na watu baoni wanamjua kuliko anavyomjua yeye. “Unamharibu” wakati mwingine ni njia ya kusema “Nimekosa mengi.” Sisemi kwamba ndivyo ilivyo, ila msikilize kwa sikio hilo pia. Habari za shule azisikie yeye kwanza, kwa simu, kutoka kinywani mwa mtoto mwenyewe, kabla hazijafika kwenye bao. Na mkitofautiana kuhusu adhabu au ruhusa, msibishane mtoto akiwepo. Babu anayempindua mama mbele ya mtoto anampa mtoto ushindi wa siku moja, na mama anapoteza nguvu ya kumlea akiwa na miaka kumi na sita, wakati ambao huenda wewe hutakuwa na mbio za kumfuata.

Usichukue haya kama kupunguziwa kazi. Karibu na Ziwa Eyasi, miaka ya 1980, Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadzabe wakipima nani analeta chakula. Waligundua kwamba mama akiwa na kichanga, uzito wa watoto wake wakubwa ulifuata bidii ya bibi katika kuchimba mizizi. Samahani babu, sifa hizo walipewa mabibi, na nasikia mababu walikuwa kivulini. Lakini somo linakufaa. Alichokuwa akitoa yule bibi ni mizizi, yaani kitu cha kushibisha, na wewe umetoa ufundi, muda na masikio yako. Makofi ni nyongeza tu.

Baiskeli mpe, ila si kwa ajili ya cheo. Zawadi ya cheo ina kasoro mbili: inamwambia kwamba cheo ndicho ulichokipenda, na inamwambia mvulana kwamba kwenye nyumba hii magurudumu wanapata wenye vyeo. Kama pesa inaruhusu, tafuta fremu kuukuu na uwape watoto wote wawili waiunde na wewe, waitumie kwa zamu. Kama unataka iwe ya binti peke yake kwa sababu shule iko mbali, sawa, mpe kwa sababu hiyo na uiseme hivyo mbele ya wote. Mvulana naye aambiwe kitu gani kitakuwa chake na lini, halafu ahadi hiyo itimizwe.

Jiandae pia kwa siku cheo kitakapokwisha, kwa sababu kitakwisha. Atamaliza shule ya msingi, ataingia Kidato cha Kwanza mahali ambapo hakuna anayemjua, na dada mkuu wa pale atakuwa msichana mwingine mwenye sauti yake. Watoto waliozoea kuitwa kwa cheo huyumba sana muhula huo. Mwanze mapema. Umpe nafasi za kuwa mwanafunzi wa mwisho katika kitu fulani, kama kushona, kuogelea au kucheza hilo bao lenyewe, na wewe ufurahie anavyofungwa na wazee bila kumwonea huruma.

Mambo mengi niliyoyataja mnaweza kuyamaliza wenyewe uani. Kuna dalili ambazo hazingoji. Kwa binti, kuumwa tumbo au kichwa kila asubuhi ya shule, kukosa usingizi, kulia kwa alama moja iliyopungua, kuogopa njia fulani anaporudi. Viranja wasichana hutishwa na wavulana waliowaripoti, na uulize hilo waziwazi. Uulize pia kama kuna mtu mzima, mwalimu au mwingine, anayempa zawadi au kumwita peke yake mara kwa mara kwa kisingizio cha uongozi. Usimlaumu kwa jibu lolote atakalokupa. Kwa mvulana, kuanza tena kukojoa kitandani, kuacha kula, kupigana ovyo, kuwatesa wanyama, au kusema maneno kama “bora nisingekuwepo”. Neno la namna hiyo lisichukuliwe kama deko hata siku moja. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo na usimwache peke yake. Kwa mengine, anza na mwalimu wa malezi shuleni au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu. Kukiwa na hofu ya mtoto kuguswa au kutishwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, simu ya kusaidia watoto, haina malipo.

Binti yako akipiga simu wiki hii, mwambie ulichokiona kwa mvulana kabla ya kumweleza nilichosema kuhusu mwanawe. Na mwanao wa Geita apigiwe siku hiyohiyo, azungumze na mtoto wake, si na wewe tu.